Kibo maji yanachemka, maharage hayaivi

Kila msimu hakosekani mgumu (mpagazi) mgeni anayenisogelea jikoni: mpishi, mbona huku juu hatuli maharage? Namwonyesha sufuria. Maji yanatokota kwelikweli, lakini hapa Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, mita 4,700 na ushee, yanachemka yakiwa nyuzi 84 hivi. Hewa imepungua, haiyakandamizi maji kama kule chini, basi yanawahi kugeuka mvuke. Ukifungulia gesi mpaka mwisho unaunguza mtungi bure: mvuke utazidi, joto la maji litabaki palepale. Kwenye kambi za chini, Mandara yanachemka kwenye 91 hivi, Horombo 87.

Kwa hiyo maharage nayaivisha Moshi kabisa. Juu ni mtori, supu ya karoti na tambi nyembamba. Wenye presha kuka zao, sufuria zinazobana mvuke, watabisha, ila mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, na sijaona anayejitolea kubeba lile dude.

Maji yenyewe ya Kibo tunayabeba. Kwa njia ya Marangu, chanzo cha mwisho kipo kati ya Horombo na Kibo. Ukikipita ni vumbi na upepo. Ndiyo maana nakuwa mkali mtu akisuuza sahani mara mbili.

Kuna mgeni mmoja, mwalimu wa kemia, aliniacha nikikuna kichwa. Salfa, alisema, ni ukoo mmoja na oksijeni. Ikishikana na haidrojeni unapata ile gesi inayonuka yai viza. Molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya ya maji, na bado inachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri! Kwa hesabu hiyo maji nayo, ambayo ni oksijeni na haidrojeni, yangepaswa kuwa gesi tupu. Kinachoyazuia ni molekuli kuvutana: haidrojeni ya hii inang'ang'ania oksijeni ya jirani yake.

Usiku wa kwenda kileleni chupa za wageni nazipanga mdomo chini. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanatanuka na kupanda, kwa hiyo barafu inaanzia juu, kwenye kitako cha chupa, na mdomo unabaki wazi. Vitu vingi vikiganda huzama. Maji yana ukaidi wao. Chupa usiijaze pomoni, maana barafu inataka nafasi zaidi, kama asilimia 9.

Wengine wakiona barafu ya kileleni inavyopungua huuliza maji yake yanakwenda wapi. Kiasi kikubwa hakiwi maji kabisa. Kwenye hewa kavu namna ile barafu inageuka mvuke moja kwa moja, kazi inayokula joto zaidi ya mara nane ya lile la kuyeyusha.

Mnaopanda mwezi ujao na mifuko ya maji ya mgongoni: mrija ndio unaowahi kuganda. Ukishafyonza, upulize maji yarudi mfukoni.