Maji Baridi ya Isabela

Mtu anayeitazama ramani hawezi kuitabiri baridi ile. Isabela, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Galápagos, kinakatwa na mstari wa ikweta karibu na ncha yake ya kaskazini, na mahali kama hapo msafiri hutarajia bahari ya uvuguvugu. Lakini asubuhi tulipofika Punta Vicente Roca, chini ya majabali ya volkano, kiongozi wa msafara alikagua suti zetu za mpira mmoja baada ya mwingine, akapandisha zipu zilizolegea hadi shingoni, kisha akatuambia kwa upole kwamba tutakapojitosa majini tutapiga kelele, na kwamba hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tulipiga kelele kweli. Maji yalipenya kwanza shingoni, yakatambaa taratibu kufuata uti wa mgongo, na kwa muda pumzi yangu ndani ya mrija ikawa fupi na ya haraka kiasi kwamba macho yalikuwa wazi lakini sikuona kitu. Dawa ya hali hiyo ni kushika kamba ya boti, kulaza uso juu ya maji na kusubiri mpaka pumzi irefuke yenyewe. Kupiga mapezi kwa nguvu ili kutafuta joto humchosha mtu bure, na huwatimua viumbe aliosafiri mbali kuja kuwaona.

Usiku wa kuamkia siku hiyo kiongozi alikuwa ametueleza chanzo cha baridi. Mkondo wa Cromwell hutiririka chini ya uso wa Bahari ya Pasifiki, ukifuata ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki, hadi unapogonga misingi ya visiwa hivi na kulazimika kupanda juu. Unapopanda huja na maji ya kilindini yenye virutubisho vingi; vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho hustawi, samaki huvifuata, na walaji wa samaki huwafuata samaki. Ndiyo sababu ngwini wa Galápagos, wa jamii ya ndege ambao wengi wetu tunawahusisha na barafu, anaweza kuishi penye ikweta. Ndiyo sababu pia maji niliyokuwa nikielea juu yake yalikuwa ya kijani na yenye ukungu, wala si yale ya buluu yanayopendwa na wapiga picha za matangazo. Tangu siku hiyo nayatazama maji maangavu mno kwa shaka kidogo, maana mara nyingi katika bahari za tropiki uangavu huo ni alama ya uhaba wa chakula.

Kasa wa kwanza nilimwona akiwa tayari chini ya kifua changu. Alikuwa kasa wa kijani, ingawa wa huku ni weusi kuliko jina lao, na alikuwa ameegama kando ya mwamba huku mawimbi yakimsukuma mbele na kumrudisha nyuma bila yeye kujisumbua kupinga. Niliona magamba ya kichwani, kila moja likiwa na ukingo mwembamba uliofifia. Niliona mwani mfupi uliomea mgongoni, na samaki wadogo waliokuwa wakiudonoa kwa bidii. Kisha akainua kichwa na kuanza kupanda kuja kupumua, moja kwa moja mahali nilipokuwa.

Kanuni ya Hifadhi ya Taifa ya Galápagos, iliyoanzishwa mwaka 1959, inamtaka mgeni akae umbali wa mita 2 kutoka kwa mnyama, na kiongozi wetu aliirudia kila tulipovaa miwani. Kanuni ni njema, ila kasa hajaisoma. Nilirudi nyuma kwa kupunga mikono taratibu, wimbi likanirudisha nilikotoka, nikaona njia pekee ya heshima ni kukunja miguu na kutulia. Alitoa kichwa nje hatua chache kutoka kwangu, akatoa pumzi moja nzito iliyosikika wazi juu ya maji, akavuta nyingine, akazama. Jicho lake lilinipitia kama linavyopitia jiwe, na sikutamani anitazame zaidi ya hapo.

Baadaye walikuja wengine, hata nikaacha kuwahesabu. Ngwini mmoja alipita mbele yetu kwa kasi, akatoweka kabla sijageuza shingo. Aliyenishika kwa muda mrefu ni mnandi asiyeruka, ndege anayepatikana Isabela na kisiwa jirani cha Fernandina tu duniani. Alipiga mbizi chini yangu, mabawa yake mafupi yaliyochakaa ameyabana ubavuni, akijisukuma kwa miguu peke yake, na kila alipochungulia ufa wa mwamba viputo vya hewa vilipanda kutoka manyoyani mwake. Jicho lake la rangi ya feruzi liling'aa hata katika ukungu ule.

Alasiri tulivuka mlango wa bahari wa Bolívar hadi Punta Espinoza, kisiwani Fernandina. Iguana wa baharini, mijusi wakubwa wanaokula mwani, walikuwa wamelaliana juu ya lava nyeusi wakiota jua, na mara kwa mara mmoja alipiga chafya na kurusha puani chumvi aliyoimeza na mwani. Kiongozi alipouliza nani angeingia tena majini, baadhi ya wenzangu walijifunika taulo na kugeuza nyuso. Mimi niliingia. Nilimkuta dume mmoja chini ya maji, kucha zake zimeng'ang'ania mwamba huku wimbi likimvuta mkia, akigeuza kichwa upande na kuuguguna mwani. Damu yake haina joto la kujitengenezea, hivyo kila tonge alilipia kwa ubaridi wa mwili, na muda wake wa kula una kikomo. Alipochoka aliachia mwamba, akaogelea kuelekea kwenye lava yenye jua, nami nikageukia boti nikitetemeka, kwa sababu iyo hiyo.