Dakika kumi za kukaa kimya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Nimetembea nalo tangu Jumatatu, na kila nikilisoma mawazo yananipeleka New York, Desemba 1980, kwenye msiba wa mtu ambaye wengi wetu tusingetarajia kumsikia katika tafakari: John Lennon, mwimbaji wa Beatles, bendi maarufu ya Uingereza.

Usiku wa tarehe 8 alikuwa akirudi kutoka studio na mkewe, Yoko Ono. Alipigwa risasi kwenye lango la Dakota, jengo walimokuwa wakiishi. Alifikishwa hospitali, lakini hakupona. Alikuwa na miaka 40, na mtoto wao Sean alikuwa na miaka 5. Aliyemuua alikuwa amemletea santuri mchana wa siku hiyohiyo amwekee saini, naye akamwekea.

Habari zilipotoka redioni na kwenye televisheni, watu walianza kumiminika pale langoni usiku uleule. Walichomeka maua kwenye vyuma vya geti, wakawasha mishumaa, wakaimba nyimbo zake hadi usiku wa manane na kuendelea. Hawakuwa ndugu zake, na wengi hawakuwahi kumwona kwa macho. Lakini walikuwa wamekua na sauti ile tangu miaka ya sitini, na sasa imekatika, nao hawajui pa kupeleka kilio chao. Sisi mtu akifa tunajua pa kwenda: kuna nyumba ya msiba, kuna jamvi uani, kuna mfiwa wa kumshika mkono na kumwambia pole. Wao walikuwa na lango lililofungwa. Mwili ulichomwa tarehe 10, na Yoko akatangaza kwamba hakutakuwa na ibada ya mazishi.

Huko ndani mjane alikuwa akizisikia nyimbo zile, na usingizi haukumjia. Ndipo alipowatumia ujumbe: rudini Jumapili, mkutane Central Park, bustani kubwa ya jiji, mkae kimya dakika kumi mkimwombea.

Hapo ndipo nimekaa wiki nzima. Yoko hakudharau machozi yao wala hakuwaambia hayawahusu. Waliimba kwa upendo wa kweli kabisa, ila aliyekuwa akiubeba uzito wa upendo ule usiku kucha ni yeye, mwenye msiba, na mtoto mdogo pembeni yake. Nimejiuliza ni nyumba ngapi nimeingia na Biblia mkononi, nikiwa na maneno mengi na mapambio, nikaondoka nimeridhika huku mfiwa akibaki amechoka zaidi.

Jumapili ile, tarehe 14, saa nane mchana, zaidi ya watu laki moja walisimama pale Central Park wakanyamaza. Redio za New York nazo zilikata matangazo kwa dakika hizo kumi. Kule Liverpool alikozaliwa walikusanyika maelfu kwa maelfu. Fikirieni jiji la New York, lenye kelele kuliko Kariakoo siku ya mkesha wa Krismasi, limenyamaza kwa sababu mjane ameomba.

Rafiki zake Ayubu walifanya vivyo hivyo mwanzoni. Ayubu 2:13 inasema waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mmoja wao kumwambia neno, kwa maana waliona mashaka yake ni makuu mno. Zile siku saba zilikuwa huduma yao bora. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Najua kuna mpendwa atakayeniuliza: huyu si ndiye aliyesema mwaka 1966 kwamba Beatles wamekuwa maarufu kuliko Yesu? Ndiye. Kule kusini mwa Marekani watu walichoma santuri zao hadharani, na Agosti mwaka huo akaomba radhi mbele ya waandishi wa habari Chicago. Siitetei kauli ile, iliniuma nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini Paulo hakuandika tulie na waliao iwapo marehemu alikuwa mshirika mwema. Na Bwana wetu mwenyewe, akijua fika kwamba punde tu atamwita Lazaro atoke kaburini, alipomwona Mariamu akilia, alilia kwanza.

Mama yangu alipofariki, mtu mmoja alinishika bega akaniambia nisilie, Mungu amempenda zaidi. Alikuwa na nia njema, lakini nilimkwepa mpaka matanga yakaanuliwa. Siku hiyohiyo alikuja jirani yetu, mama wa makamo ambaye tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Alisema "pole, mwanangu," akavua kandambili, akakaa jikoni nyuma, akavuta ungo na kuanza kuchambua mchele. Alichambua hadi jioni. Mpaka leo nikisikia mchele ukipepetwa namkumbuka yeye.

Dada yetu wa kikundi cha Alhamisi amempoteza mumewe, wote mmesikia. Jumapili hii baada ya ibada tutakwenda kwake, tukutane kituo cha daladala saa nane mchana. Mama wawili wamejitolea kubeba mchele na maharage, vijana watachota maji. Kuhubiri hakumo kwenye ratiba. Tutaketi naye.