Jengo la ghorofa saba ubavuni mwa nyumba ya mawe: fuatilia shimo kabla ya ghorofa

Jengo la ghorofa sita au saba likianza kujengwa pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mabishano huwa ni ya urefu na sura. Limezipita paa za jirani kwa kiasi gani? Baraza ipo? Mlango wa nakshi utawekwa? Ni haki kuyabishania, mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Lakini madhara makubwa kwa nyumba ya jirani mara nyingi hutokea miezi ya mwanzo, nyuma ya uzio wa mabati, kabla hata nguzo moja haijasimama. Anayesubiri ghorofa zionekane ndipo aanze kufuatilia huwa kachelewa.

Nyumba ya jirani yenyewe ijulikane kwanza. Ukuta wake una unene wa sentimita 50 hadi 60, wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Hauna nondo wala mkanda wa zege. Kuta mbili hazijaachana kwa sababu ya boriti za mikoko, ambazo vichwa vyake vimezama ukutani; ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwani boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Msingi mara nyingi haufiki hata mita moja kwenda chini. Na nyumba nyingi zimeegemeana, kwa hiyo ukiiondoa moja, ya pili imepoteza mgongo.

Ardhi nayo ina habari zake. Upande wa Darajani, mashariki mwa Mji Mkongwe, barabara ya Benjamin Mkapa imepita palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa kidogo kidogo. Ukichimba huko unakutana na kifusi, tope na mchanga, na maji yako karibu, yanafuata kujaa na kupwa.

Basi kazi ya kwanza ni kuandika hali ya nyumba kabla kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, hakijaingia. Mwenye nyumba, mhandisi wa mkandarasi na sheha, kiongozi wa mtaa, wapite chumba kwa chumba. Kila ufa upigwe picha ukiwa na rula pembeni, upewe namba na tarehe, na wote watie saini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu au za Serikali, hivyo saini ya mpangaji peke yake haitoshi. Kisha juu ya kila ufa wenye shaka bandika kipande cha jipsamu, urefu sentimita 10, upana 5, unene 1, kwenye jiwe lenyewe baada ya kubandua plasta. Jipsamu haivutiki, ukuta ukisogea, itapasuka. Kwa vipimo kamili, piga skrubu mbili, moja kila upande wa ufa, upime umbali wake kila wiki. Ufa usiofika milimita 1 ni wa kuangaliwa tu. Ukifika 5, mwite mhandisi. Ukivuka 15, milango imeshaanza kukwama na fremu zimekaa upande. Hapo shimo lisimame, na watu watoke vyumba vya upande huo mpaka kuta zitegemezwe.

Nyumba ya zamani iliyokuwa kwenye kiwanja ivunjwe kwa mikono, kuanzia paani kushuka chini, na ukuta wa jirani uwekewe mihimili ya mshazari kabla ya kuvunja. Kijiko kikisukuma ukuta unaoshirikiana boriti na jirani, kinazing'oa boriti zile ndani ya chumba cha mtu.

Kwenye shimo ndiko penye mambo. Kanuni ya mafundi ni kuchora mstari wa nyuzi 45 kutoka kitako cha msingi wa jirani kwenda chini, kuelekea shimoni. Udongo ulio chini ya mstari huo ndio unaombeba, usiguswe bila kinga. Shimo likilazimika kuuvuka, msingi wa jirani hushushwa chini zaidi, na njia ya kawaida ni kuchimba chini yake vipande vya mita 1 hadi 1.5, visivyofuatana: cha kwanza, cha tatu, cha tano, vijazwe zege, likakomaa, ndipo urudi kwenye cha pili na cha nne. Kwa ukuta wa tofali inafanya kazi. Kwa ukuta wa matumbawe ni kamari, kwa sababu mawe ya chini hayana muungano na huanza kudondoka yenyewe. Afadhali jengo jipya lirudi ndani kidogo ya mpaka, au izungushwe safu ya nguzo za zege zilizochimbiwa kabla ya shimo kufunguliwa. Nguzo za kugongwa kwa nyundo, hapana kabisa. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, kinaruhusu mtikisiko wa milimita 3 tu kwa sekunde kwenye msingi wa jengo la urithi, kwa mitikisiko inayojirudia mara chache kwa sekunde. Kifaa cha kupimia kinakodishwa, na mkandarasi ndiye alipe.

Halafu pampu. Shimo likijaa maji, fundi huweka pampu na kuyavuta mchana kutwa. Teka ndoo moja kwenye mdomo wa bomba, iache itulie nusu saa, uimwage taratibu. Vumbi kidogo chini, sawa. Ukikuta mchanga wa kushikika kwa vidole, na kesho tena, basi pampu inachota ardhi iliyobeba ukuta wa jirani, na nyufa zitafuata. Dawa yake ni kuzungushia kisima cha pampu kitambaa cha kuchujia na kokoto, na kupunguza kasi.

Zege likishatoka ardhini, mambo ni yale ya kila jengo: vipande vya zege vya kupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28, milunda isitolewe mapema, mchanga wa pwani usitumike kwa sababu chumvi yake inaila nondo. Kwa jirani yamebaki mawili. Paa lake liwekewe jukwaa la kudaka mbao na matofali. Na mwanya kati ya majengo, sentimita 3 hadi 5, usijazwe saruji. Ufunikwe kwa bati lililokunjwa, lenye mfereji. Mvua ya upepo ikipiga ukuta wa mita 20, maji yote hushukia paa la jirani, na chokaa ikilowa miezi mitatu hulainika.

Mwisho mkandarasi atakuja na ndoo ya saruji, kuziba nyufa bure. Mkatalie. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na chumvi huisukuma plasta ikabanduka. Kinachotakiwa ni chokaa iliyoloweshwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, ipakwe baada ya vipimo vya skrubu kutulia kwa masika moja na vuli moja. Kwa kawaida kipindi cha dhamana ya mkandarasi ni miezi 12, kwa hiyo dai liandikwe mapema, likiwa na picha za mwanzo na namba za nyufa, kabla hajakabidhi jengo na kuchukua fedha zake zilizozuiliwa na mwenye jengo kama dhamana.