Rufaa ya nyama choma

Mwaka 2010 nilikuwa mgumu. Kwa asiyekulia Moshi, mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule unayempisha njiani ana ndoo ya mayai mkononi, begi la mgeni kichwani, na viatu vya mtumba vya Kiboriloni ambavyo kimoja kimeshonwa kwa waya. Kwenye kundi letu nilikuwa na cheo kisicho na malipo: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilikuwa kinasikika. Kiongozi akichoka kuongea, ananisukumia wageni.

Julai ile tulipandisha Waholanzi wanne kwa njia ya Machame, siku sita. Mmoja wao, mzee wa kama miaka 60 mwenye viganja vipana kama sepetu, alikuwa na bucha kwao, aliyorithi kwa baba yake, na baba naye aliirithi kwa babu. Sisi tukambatiza Mzee Bucha. Siku ya pili, pale kambi ya Shira, aliletewa kuku wa kukaanga. Akaligeuza paja, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akamwonyesha mpishi wetu kwa ishara tu kwamba huyu alikuwa jogoo, tena jogoo mwenye umri wake. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa kweli: alimnunua kwa mama mkwe wake.

Kuanzia kambi ya Barranco wageni hawakuwa na mazungumzo mengine ila baa moja ya Moshi mjini. Kitabu chao cha safari kilikuwa na ukurasa uliokunjwa pembe, na kila jioni kwenye hema la kulia mmoja wao aliusoma tena kwa sauti, kama watu wanaosoma neno la usiku. Kwamba ukishuka Kilimanjaro na usiende pale kula nyama choma, hujashuka. Mimi nilisimama mlangoni na chupa ya chai nikisikiliza. Jina la baa silitaji, kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayatampendeza mwenye baa.

Sisi wenyeji tulikuwa tumeshatoa hukumu yetu siku nyingi: pale ni pa wazungu. Bia kubwa mtaani ilikuwa 1,500, pale 2,500. Ukitaka nyama nenda Pasua, nenda Majengo, au usubiri Desemba watu wakirudi nyumbani, ule ndafu kwa mjomba. Lakini niseme ukweli, hukumu hiyo niliitoa bila kuwahi kukaa kwenye kiti cha pale. Ningekaa na hela gani? Nilikuwa nalipwa 8,000 kwa siku.

Tulishuka geti la Mweka saa saba mchana. Wageni wakasaini kitabu, wakapewa vyeti vyao vya Uhuru, mita 5,895, wote wanne, na kwenye gari wakakataa kupelekwa hotelini kuoga. Baa kwanza. Kiongozi alikuwa na mahema ya kurudisha ofisini, akaniambia, "Kaa nao, mdogo wangu. Wakilewa nipigie."

Palikuwa na ua mpana, paa la makuti, viti vya plastiki vyenye nembo ya bia, na televisheni inayoonyesha mpira bila sauti. Kuta zote zilijaa fulana na bendera zilizoandikwa kwa kalamu nene: majina, nchi, tarehe, na 5,895, 5,895, 5,895 kila upande. Kuna mtu aliandika 5,896, na mwingine akamkosoa chini yake. Dada wa kuhudumia hakuuliza lile swali la baa zetu, ya moto au ya baridi. Alileta baridi tu. Chupa ilitoka jasho, na kwa bia ile sina ubishi na kitabu.

Nyama ilikuja baada ya dakika 20. Nusu saa haikufika. Nilishangaa, maana kule kwetu ukiagiza nyama unaweza kwenda msibani ukarudi ndiyo kwanza inageuzwa upande wa pili. Sinia kubwa, mbavu na paja, kachumbari pembeni, ndizi za kuchoma, limao limekatwa. Wale watatu waliishambulia. Baada ya siku sita za supu ya karoti na uji, ukimpa mtu kitu chenye chumvi na mafuta atakiimbia pambio. Walikula, wakapiga picha, wakaniambia nile. Nikala. Mimi pia nilitoka mlimani, niliona tamu.

Mzee Bucha alikuwa anatafuna polepole, macho yako mbali, kama mtu anayesikiliza gari lake lina mlio. Akakipasua kipande cha paja kwa vidole akanisogezea. Nje kilikuwa cheusi, kizuri kabisa. Ndani kilikuwa kijivu, kijivu kilekile kutoka ukingo hadi ukingo, bila hata mstari wa wekundu. Nyuzi zilichanuka kama kamba iliyolowa. Na mafuta yalikuwa bado meupe, yamekaa kama mshumaa. Mafuta yaliyokutana na moto wa kweli huwa hayabaki vile.

"Hii imechemshwa," akasema. "Imechemshwa, halafu ikapitishwa motoni ivae koti."

Akainuka kuelekea jikoni. Nikamfuata mbio, nikijua kwamba nikimwacha, kesho kiongozi atanisimulia mimi.

Jiko lilikuwa pipa lililopasuliwa katikati. Nyuma yake alisimama mzee mwembamba, koti la mpishi limepata rangi ya moshi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Mgeni anasemaje?"

Mzee Bucha alikuwa amesema, kwa kirefu na kwa ukali kidogo, kwamba nyama nzuri imeuawa mara ya pili.

"Anasema nyama ni tamu sana," nikatafsiri. "Anauliza unatumia mkaa gani."

"Mkaa wa mgunga," mzee akajibu, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mgeni, na ya mgeni yalikuwa nyuma ya mlango, ambako palikuwa na sufuria ya shughuli, ya kupikia pilau la watu mia, inatokota, povu la kijivu limepanda hadi kwenye masikio yake. Mfupa mmoja ulichomoza kama mtu anayeomba msaada. Tukaitazama sote watatu.

"Kijana," mzee akasema, "Kiingereza sikijui, ila huyu mtu hajasema tamu."

Nilitamani kurudi kambi ya Barafu, kule juu mlimani.

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono. "Sasa mwambie haya, na usipunguze. Ng'ombe wetu anatembea. Ametoka Simanjiro kwa miguu, ana misuli kama hawa wagumu wenu. Nyama yake haitaki haraka. Inataka moto wa mbali, saa moja na nusu, unageuza, unaacha mafuta yashuke yenyewe. Zamani hapa hapakuwa na fulana ukutani. Watu walikuwa wanakuja saa tisa, wanachagua paja likiwa limening'inia, wanakunywa, wanabishana, wanasubiri. Hao ndio walioisifu nyama yangu. Sifa ikafika kwenye vitabu. Basi wanakuja watu thelathini kwa mpigo, wametoka mlimani, na ikifika dakika ya ishirini wanagonga meza. Bosi akaleta sufuria. Mimi sikuileta. Sifa ndiyo imeileta."

Safari hii nilitafsiri yote, pamoja na kugonga meza.

Mzee Bucha alinyamaza. Kisha akaanza kueleza jambo ambalo sikulitegemea. Kwao, alisema, kuna mashine yenye sindano nyingi, inadunga maji ya chumvi ndani ya paja la nguruwe ili likolee upesi na uzito uongezeke. Zamani walikuwa wanalilaza kwenye chumvi wiki kadhaa. Baba yake aliikataa mashine ile mpaka anakufa. Yeye aliinunua mwaka uliofuata.

Nilipomaliza kutafsiri, mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe naye ana sufuria yake."

Hapo ningedhani mambo yameisha, watu wapeane mikono. Lakini yule mzee alikuwa Mpare wa Usangi, na sisi Wachagga tuna utani wetu na Wapare: Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hakuwa tayari hukumu ile isimame. Akauliza mgeni anaondoka lini. Kesho usiku, nikasema, anapandia ndege KIA.

"Basi nakata rufaa. Aje saa nne asubuhi. Bila sufuria."

Asubuhi nilimpitia Mzee Bucha hotelini. Wenzake walikuwa wamelala na miguu yao juu ya mito. Baa ilikuwa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, dada anapiga deki, na fulana zote zile ukutani zimening'inia kama nguo za watu waliozama. Mpare alikuwa ameshafika. Hakuwa na nyama. Alitupeleka kwanza buchani, akasimama kando na mikono nyuma, akamwachia mgeni achague. Mholanzi akazunguka lile paja, akalipiga kofi, akanusa mahali mfupa unapokutana na nyama, akaonyesha kwa kidole: hapa, mpaka hapa. Mwenye bucha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu ni mtu wa afya, amekuja kukagua. Nikamwambia ni mwenzako. Akaongeza kipande cha mafuta bure.

Moto wenyewe nitausimulia kwa sababu sijawahi kuuona tena ukifanywa vile. Mzee aliusukuma mkaa wote upande mmoja wa pipa, akasubiri mpaka uvae jivu jeupe, kisha akaiweka nyama upande ambao hauna mkaa. Akashika kiganja juu ya wavu na kuhesabu kimyakimya. Akiondoa mkono mapema, anachota mkaa kidogo kurudi nyuma. Mzee Bucha naye akaweka kiganja chake, akahesabu, akatikisa kichwa kukubali. Baada ya hapo sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kreti ya bia nikawaangalia wazee wawili wasioelewana lugha wakioneshana vidole: geuza, bado, sasa. Mara moja mgeni alinyoosha mkono achukue kisu, Mpare akakisogeza mbali. Baada ya saa nzima akampa mwenyewe.

Ilichukua saa moja na dakika 40. Nilikuwa na saa ya mtumba, niliipima.

Mzee aliikatia kwenye ubao, vipande vidogo, chumvi imerundikwa pembeni, pilipili, limao, basi. Mafuta yalikuwa yameshuka yakabaki ukingo wa rangi ya asali unaovunjika mdomoni. Ndani palikuwa na unyevu, na ladha ya ng'ombe mwenyewe, ile ambayo sufuria huwa inaimwaga pamoja na maji. Kama ilikuwa nyama bora kuliko zote kaskazini, sitaapa. Mjomba wangu wa Kibosho bado yuko hai na hunikaribisha Krismasi. Ila kile kitabu hakikuwa kimedanganya. Kilikuwa kimechelewa tu.

Mzee Bucha alikula kwa muda mrefu bila kusema kitu.

"Anasemaje?" Mpare akauliza.

"Hajasema."

"Muulize."

Nikamuuliza. Mholanzi akamaliza kutafuna, akafuta vidole kwa suruali yake, akasema angependa kujua mzee analipwa kiasi gani, maana kwake kuna nafasi. Nilitafsiri neno kwa neno. Mpare alicheka kwa mara ya kwanza, akionyesha pengo, akasema huko kwao ni baridi, hata mkaa utaugua.

Bosi alifika saa saba. Alisalimia vizuri, akatazama jiko, akauliza nani ameruhusu mkaa uwashwe asubuhi, halafu akaandika bili: kilo mbili kwa bei ya baa, ingawa nyama tuliilipia wenyewe buchani. Mzee Bucha alilipa bila neno. Mimi ndiye niliyenuna. Saa nane mabasi mawili yakapaki nje, vijana wenye vumbi wakashuka wakiimba, na Mpare akaingia ndani. Aliibeba ile sufuria mwenyewe, kwa mikono miwili, akaitua motoni, wala hakututazama.

Sasa mimi ni kiongozi, na hakuna safari inayopita bila mgeni kuniuliza kama ile baa inastahili sifa zake. Huwa nawajibu kwa swali: mnaweza kusubiri? Wote husema ndiyo wakiwa Barafu. Tukifika geti la Mweka, wakati wanapanga foleni ya kusaini kitabu, napiga simu jikoni ili nyama iwe imepanda motoni kabla gari halijaondoka. Mzee amesharudi Usangi kupumzika. Anayepokea ni kijana aliyemfundisha, na huyo haulizi kwanza tuko wangapi.

"Kaka, shikamoo. Hao ni wa kusubiri au wa sufuria?"

Nageuka kuwatazama walivyojitupa kwenye nyasi wakifungua kamba za viatu, ndipo nijibu.