Siku moja maishani mwangu: pikapu tatu katikati ya wachomeleaji wa Katwe

Saa 1 asubuhi. Nashuka taksi pale Kibuye, natembea hadi kibandani kwangu Katwe, ninakotengeneza magitaa. Majirani wameshaanza kuchomelea mageti. Wengine husikia kelele tu, lakini mimi hicho ndicho kipimo changu: gitaa la umeme likipigwa hapa bila kunguruma, litapigwa popote Kampala.

Saa 2. Mama wa chai analeta chai na rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, kisha anamuuliza kijana wangu wa kazi, "Hiyo pikapu mnayoizungumzia tangu Jumatatu inabeba tani ngapi?" Kijana anamwonyesha kitu cha ukubwa wa kiberiti: sumaku iliyozungushiwa waya, inayonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa. Mama anaondoka akitikisa kichwa.

Saa 3. Anaingia mwenye gitaa, Mkongo wa Bukavu anayepiga solo kanisani. Wote tunamwita Papa. Gitaa lilimfikia vipande vipande ndani ya boksi, umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la pikapu tatu, akaliunganisha mwenyewe na kulipaka kijani. Alama za brashi bado zinaonekana. Kazi safi, ila sauti ni ya kopo, na anataka pikapu zote zing'olewe.

"Fundi, niwekee hii," ananionyesha simu. Ni hambaka, yaani pikapu ya koili mbili za waya, kilo-omu 16. "Hii ina nguvu."

Hapo tukabishana karibu saa nzima. Watu huisoma ile namba kama nguvu za farasi, kumbe ni ukinzani wa waya tu. Pikapu za Stratocaster za kawaida huwa kwenye kilo-omu 6 hivi, na hambaka za kampuni ya magitaa ya Gibson za mwaka 1957, ambazo watu wanazililia mpaka leo, zilikuwa karibu na 8. Ukizidisha mizunguko ya waya, sauti inanenepa na kupaa, lakini ule mlio wa juu unafifia. Sasa mtu wa seben, ule upigaji wa gitaa wa kasi wa Kikongo, bila mlio wa juu anapiga nini? Akienda mbio kwenye nyuzi nyembamba, kila noti lazima isikike peke yake.

Jambo moja Papa alikuwa sahihi: mvumo. Pikapu ya koili moja hunasa kila kitu kilicho karibu, pamoja na ule mvumo wa hezi 50 wa umeme wetu. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson alitengeneza ya koili mbili, ncha za sumaku zikigeuziana na waya ukizungushwa kinyume, mvumo wa koili moja ukafuta wa nyingine. Ila mashimo ya gitaa la Papa ni membamba, na sikuwa tayari kuchukua patasi nikachimbe mbao aliyoipaka rangi kwa mikono yake.

Saa 5. Nalifungua. Nageuza pikapu moja chali: chini kuna kipande cheusi cha sumaku ya kauri kimegandishwa kwa gundi, na zile nguzo sita ni chuma tupu. Kwenye kopo langu la biskuti nina tatu nilizozitoa kwenye gitaa lililovunjika shingo, nguzo zake zenyewe ni sumaku za alniko, yaani aluminiamu, nikeli na kobalti. Mita inasoma kilo-omu 5.8, 6.1 na 6. Napima kwa rula: toka nguzo ya kwanza hadi ya sita ni milimita 52, sawasawa na nyuzi zinavyopita darajani, kile kipande kinachozishika mwishoni. Kisha nazikaribisha uso kwa uso. Mbili zinasukumana, ya tatu inazivuta zote mbili. Nikatabasamu. Sumaku yake imegeuzwa; hiyo inakaa katikati.

Vitufe vya sauti navyo vilikuwa vya kilo-omu 500, vya kufaa hambaka. Naweka vya 250. Nadhani sehemu kubwa ya ule ukopo ilitoka hapo.

Saa 7. Umeme umekatika. Tumekula.

Saa 9 na nusu. Umerudi, nalehemu, nachomeka kwenye amplifaya. Kila pikapu peke yake, tamu. Naweka swichi kati ya ya darajani na ya katikati: sauti nyembamba kama inatokea puani, na mvumo umepanda. Kosa langu. Ile iliyogeuzwa sumaku inataka na waya zake zibadilishwe nafasi, nami nilizifunga kama wenzake. Dakika tano, risasi ya kulehemu kidogo, imekwisha.

Saa 11 jioni. Papa anapiga. Mwanzoni noti za chini zinayumba, maana alikuwa ameshapandisha pikapu hadi karibu kugusa nyuzi, na sumaku hizi huzivuta. Nazishusha hadi milimita 2 na nusu hivi, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho, kile chuma cha mwisho shingoni. Anaanza tena, na mama wa chai anasimama mlangoni na birika.

Jirani akawasha mashine. Mvumo ukaingia, Papa akanikazia macho. Nikasogeza swichi kati ya pikapu mbili, ukapungua mpaka karibu kuisha. Akairudisha, ukaja. Akaisogeza, ukaondoka. Akafanya hivyo mara nne kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Akalipa, akalifunga gitaa kwenye blanketi. Kabla ya kupanda boda akageuka: "Fundi, na ile ya 16, nikileta gitaa lingine?"