Alaska kwa meli bila kumaliza akiba

Bei inayotangazwa ya meli za utalii za Alaska si utakayolipa. Ni ya mtu mmoja kati ya wawili chumbani, kwa hiyo msafiri wa peke yake mara nyingi hutozwa karibu maradufu. Juu yake kuna kodi za bandari na bakshishi ya kila siku. Mei ni nafuu kuliko Julai, na haina mvua nyingi kama Septemba. Chukua chumba kisicho na dirisha: barafu hutazamwa sitahani, si kitandani.

Meli zitokazo Seattle hupitia Kanada, mara nyingi Victoria, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1886 haiziruhusu meli za kigeni kuzungusha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Wenye pasipoti za Kenya au Tanzania waulizie viza ya Kanada kabla ya kulipa amana, na ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mimi ningechagua feri ya jimbo la Alaska, kutoka Bellingham, kaskazini mwa Seattle, hadi mji wa Ketchikan huko Alaska, takriban saa 38. Chumba si lazima. Watu hupiga mahema sitahani na kuyashikiza kwa utepe wa gundi, maana kigingi hakiingii kwenye chuma. Utepe hafifu ukilowa, upepo huondoka na hema.