Sioni Kahuzi

Jana nilikuwa kijijini Miti, nimesimama kando ya barabara nangojea teksi-busi ya kurudi Bukavu, mvua ilikuwa imetoka kupita na Kahuzi, ule mlima wetu mkubwa, ikawa nje yote mpaka kichwa, kitu ambacho kwa majira haya hakitokei sana. Nikabaki naiangalia. Teksi mbili zikapita sijapanda. Nilikuwa namkumbuka ule piloti nilimtukana.

Wanaonijua wanajua hii stori ju nimeisimulia kila kwenye kilio na kila kwenye arusi, na nimeisimulia vibaya. Ilikuwa kabla ya korona, niko Shabunda kwa kazi, wakanipigia simu kwamba mama mdogo amefariki, anazikwa kesho saa tisa. Barabara ya Shabunda si barabara, chumvi inaenda kwa ndege, sabuni kwa ndege, bia kwa ndege, basi na mimi kesho yake nikatafuta nafasi kwa kandege kamoja kalikuwa kameleta mizigo. Wakanipima kilo na mfuko wangu kama gunia ya mchele. Tulikuwa watu nane na mabidoni ya mawese yamefungwa kamba nyuma ya migongo yetu.

Dakika ishirini na kitu za kwanza, poa. Msitu tu chini, kijani mpaka unachoka macho. Halafu tukaingia ndani ya mawingu na dirishani hakukuwa tena na kitu, nyeupe, hata bawa lilikuwa linapotea kisha linarudi, na nilianza kusikia kama tumelala upande wakati yule jirani yangu alikuwa amekaa wima kabisa. Mara ndege ikainama kweli, ikainama muda mrefu, na mama mmoja wa biashara akaelewa kabla yetu wote: "Anageuka! Anaturudisha Shabunda!"

Weee. Kelele. Kandege kama kale hakana mlango kati ya piloti na watu, anasikia kila neno. Mama analia mawese yake, muteja anamungojea Kavumu, kwenye uwanja wa ndege wa Bukavu, na pesa mkononi. Mwingine anasema arudishiwe pesa hapohapo, hewani! Na mimi nikapiga sauti kuliko wote: "Komanda, mi niko na maiti kwetu! We ni piloti gani wa kuogopa mawingu?"

Hakugeuza hata kichwa. Akasema tu: "Sioni Kahuzi."

Saa tisa, wakati wanamshusha mama mdogo, mimi nilikuwa nimekaa Shabunda kwenye kibao kando ya kiwanja na ndizi ya kuchoma mkononi, siili, nina hasira tu.

Sasa jana pale Miti nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga zamani. Shabunda iko kwenye mita 600 hivi. Kavumu 1,720. Na Kahuzi ni 3,308, na haiko mbali huko, iko karibu na uwanja, ni kama mtu amesimama mlangoni. Kwa hiyo ukitoka Shabunda ukapanda mpaka mita 2,500 utajiona uko juu sana, msitu umekuwa kama moss chini yako, kumbe ule mlima bado unakupita mita 800. Kandege kanakimbia tuseme kilomita 300 kwa saa, ni mita 83 kwa sekunde moja. Kama ukungu unakuachia kuona mita 500 mbele, una sekunde sita. Sita! Mi kufunga mkanda tu nachukua zaidi.

Zamani niliamini ndege inaanguka ju imeharibika, mota imekufa ao kitu kimekatika. Kumbe zingine zinagonga mlima zikiwa nzima kabisa, mota zinaimba, piloti anashika usukani vizuri na anaamini mbele ni hewa. Kuna kifaa cha kuonya, lakini kile cha zamani kinapima tu kilichoko chini ya tumbo la ndege, mlima ukisimama mbele kama ukuta kitalia umeshachelewa. Cha kisasa kina ramani ya milima ndani. Mimi kwa ndege nauliza bei na kilo, sijawahi kuuliza kifaa.

Na si mambo ya kufikiria tu. Jumatatu tarehe 1 Septemba 2008, Beechcraft 1900 ya watu wa misaada ilikuwa inatoka Kisangani kuja Kavumu, hali ya hewa mbaya, ikagonga mlima kilomita 15 hivi toka uwanja. Watu 17, hakuna aliyepona. Kilomita 15 kwa ndege ni dakika tatu. Niliijua hiyo habari siku ile namtukana piloti, Bukavu nzima iliijua.

Kesho yake asubuhi tulipita, mbingu safi. Mianzi ya mlimani niliiona inaguswa na upepo, karibu hivyo. Piloti akanyoosha kidole upande wa kushoto, hakusema neno, na mimi nikajifanya natafuta simu.

Jioni ya jana nikafika kwa Mama, Kadutu, yeye mpaka leo anamwita "ule mwoga aliyekunyima kuzika." Nikamwambia Mama, hakuogopa, hakuona Kahuzi. Akaniangalia kidogo, akauliza kama sombe aipashe moto ao nitaikula hivyo.